Nguruwe wa Torkild Anakwamakwama

Kila Agosti klabu yetu ya viziwi hufanya sherehe yake ya kuzaliwa, na kila Agosti, baada ya nyama na kabla ya kahawa, Torkild husimama na kutusimulia habari za nguruwe. Ni nguruwe yuleyule miaka yote. Anamtoroka mchinjaji bandarini, anapanda kivuko cha kwenda kisiwa cha Ærø bila tiketi, anapita katikati ya abiria kama mkaguzi, anakula kofia ya mke wa mchungaji, na mwisho anajitupa baharini. Sote tunaijua hadithi hiyo. Lakini ukiiona mikononi mwa Torkild, na ule uso wake mrefu ukigeuka kuwa uso wa nguruwe anayetafakari, unacheka mpaka unashika meza usianguke.

Mwaka huu tulikaribia kumkosa nguruwe wetu. Mwisho wa baridi Torkild alipigwa na kiharusi, kikamshika mkono wa kulia. Mtu anayesikia akipata balaa hilo atajifunza kushika uma kwa kushoto, na maneno yatabaki mdomoni mwake. Sisi maneno yetu yako mikononi. Torkild aliamka hospitalini akakuta nusu ya ulimi wake imelala juu ya shuka, haitaki kuamka.

Mkono ulianza kurudi, polepole. Kufika mwezi wa tano alikuwa anashika kikombe na kufunga vifungo vya shati, huku akivitukana kimoja kimoja. Mama wa mazoezi ya viungo akamshauri: tafuta video yako ya zamani unapoongea vizuri, kaa mbele yake kila asubuhi, uige. Mkono utakumbuka njia zake.

Video ilikuwepo. Kuna mwaka klabu ilikodi kamera, ikarekodi sherehe yote, na kila mwanachama akapewa DVD yake. Mimi ya kwangu sijui ilikoishia. Torkild alikuwa na yake, ila mashine ya kuichezea ilishakufa zamani, na siku hizi nani ana mashine hiyo? Basi mkwewe Asger, mume wa binti yake Solvej, akachukua ile diski, akaigeuza kuwa faili, akaitia kwenye tableti. Torkild akaanza shule.

Sasa hapo ndipo mambo yalipogoma. Mkono ulizidi kupata nguvu, lakini maongezi yalizidi kuharibika. Ishara ilikuwa inaanza, inaganda, halafu unaikuta imeshafika mwisho bila kupita katikati. Ni kama mtu aliyekuwa jikoni, ukipepesa jicho yuko sebuleni, na mlango haukufunguliwa. Solvej akaogopa kwamba kiharusi kinarudi kwa mlango wa nyuma. Madaktari wakampima upya, hawakuona kipya. Torkild mwenyewe akaacha kuja klabuni Alhamisi. Akasema sherehe ya mwaka huu tumtafute mtu mwingine.

Ndiyo maana Jumamosi moja ya mwezi wa saba mimi na Gudrun, mwenyekiti wetu, tulikwenda kwake. Tulitaka kujua kama kweli nafasi yake tumpe Preben. Preben ni mtu mwema, lakini husahau mwisho wa vichekesho vyake, akabaki amesimama mikono hewani kama anayesubiri kuvishwa koti.

Gudrun hana maneno ya pembeni. Mlangoni alimwambia Solvej amekonda hadi anatia huruma. Akaingia ndani, akamtazama Torkild na sharubu zake, akamwambia zimekuwa kama brashi ya kuoshea masufuria. Kwetu hiyo ni salamu. Torkild alijibu kwa kushoto kwamba Gudrun naye angepakwa rangi tungemkodisha bandarini kama boya. Nikapata moyo kidogo. Mtu anayetaniana hajafa.

Tukaketi. Solvej akaleta kahawa na keki ya rubarbi, keki akaiweka kwenye kabati nyuma ya Torkild maana meza ilishajaa. Gudrun akamwomba Torkild atuonyeshe kidogo, tujionee wenyewe. Akaegemeza tableti kwenye chupa ya kahawa, uso wake ukimtazama yeye na mgongo wake ukitutazama sisi, akaanza.

Jamani, ilikuwa vibaya. Nguruwe alikuwa ardhini, mara yuko juu ya kivuko. Alinusa kofia, mara kofia imekwisha. Mikono iliruka kama redio mbovu, nasema hivyo kwa kuwa rafiki zangu wanaosikia wameniambia redio mbovu inafanyaje. Gudrun alitazama bila kupepesa, na nikamwona usoni kwamba Preben ameshapata kazi.

Mimi nina udhaifu mmoja, na klabu nzima inaujua. Tangu shule ya bweni jina langu la ishara ni Kijiko, kwa sababu ya kulamba vijiko vya wenzangu. Basi macho ya wote yakiwa kwa Torkild, nikainuka taratibu, nikazunguka nyuma yake kufuata keki. Na nikiwa pale, kipande mkononi, nikatupa jicho kwenye tableti juu ya bega lake.

Torkild wa kwenye tableti, mwenye mkono mzima, mwenye sharubu nyeusi, alikuwa anaruka vilevile.

Nikaweka keki chini, nanyi mjue hilo si jambo dogo. Nikasogea. Nguruwe wa kwenye kioo alikuwa ardhini, mara yuko juu ya kivuko. Alinusa kofia, mara kofia imekwisha. Torkild wa kwenye kiti alifuata nyuma yake hatua kwa hatua, anaganda anapoganda, anaruka anaporuka. Hakukosea hata mahali pamoja. Ule ulikuwa ufundi.

Nikapitisha mkono mbele ya kioo ili anitazame.

"Torkild, unajifunza kwa nani?"

"Kwangu mwenyewe. Kwani huoni?"

"Huyu si wewe. Huyu ni wewe uliyekatwa vipande kama mkate, na nusu ya vipande wamepewa bata."

Nikawaita wengine waje upande wangu. Solvej alisimama pale, akatazama, akakaza macho, kisha akajifunika mdomo. Wiki zote hizo amekuwa akikaa mbele ya baba yake, akimtazama yeye, na tableti imempa mgongo. Mara moja moja alikuwa ameiona, akadhani video za zamani ziko hivyo, kama picha za zamani zilivyo na rangi ya chai.

Torkild alikawia kuelewa. Aliirudisha ile video, akaitazama tena bila kuinua mkono. Halafu akanigeukia, na ishara zake zikawa ndogo ndogo, karibu na kifua.

"Kwa hiyo sijaharibika?"

Ningependa kusema ndiyo nikamaliza. Lakini mimi si daktari, mimi nina diploma ya umeme na kazi ya kufungia viziwi taa zinazowaka kengele ya mlango ikibonyezwa. Nikamwambia, "Sijui. Ninachojua ni kwamba mwalimu wako ndiye mgonjwa. Tumtibu huyo kwanza, halafu tukuone wewe."

Akaitwa Asger. Asger anasikia, na anasikia kweli, maana kazi yake ni kuweka sawa sauti za piano. Lugha yetu anaiongea kama mtu anayekanda unga amevaa glavu za theluji, lakini anaiongea, na kwa hilo tunampenda. Nikamuuliza aliigeuzaje ile DVD. Akaeleza kwa uangalifu mkubwa. Alitaka faili liwe dogo lisijaze tableti. Programu ikamuuliza apunguze wapi, kwenye sauti au kwenye picha. Sauti hakukubali kuigusa. Akapunguza picha, kutoka ishirini na tano kwa sekunde hadi kumi. Baada ya hapo akavaa vile visikizio vyake vizuri, akafumba macho, akaisikiliza yote tangu mwanzo hadi mwisho kuhakikisha. Haikukwama popote. Uma, viti, mtu akipenga kamasi, vyote vilikuwa safi.

Gudrun akainua kidole.

"Uliilinda sauti."

"Ndiyo."

"Ya sherehe ya viziwi."

Asger akafikiri. Tuliona lile wazo likimpanda kutoka kwenye kola ya shati, jekundu, hadi kwenye masikio. Aliyecheka wa kwanza alikuwa Torkild. Alicheka akapiga meza kwa mikono yote miwili, vikombe vikaruka, na Solvej alimtazama yule baba yake anayecheka mpaka akasahau kufuta kahawa iliyomwagika.

Picha kumi kwa sekunde zinamtosha mtu anayekaa akaongea kwa mdomo. Mdomo hauendi mbali. Mkono unatoka kidevuni hadi begani kabla hujapepesa jicho, na ukitupa picha zaidi ya nusu, unakuwa umetupa silabi. Niliwaeleza hivyo, nikajisikia mtaalamu. Palepale nikaichukua kompyuta ya Solvej, nikaiambia programu igeuze lile faili liwe na picha hamsini kwa sekunde. Ikatii. Nguruwe akaendelea kukwama palepale, ila faili sasa lilikuwa limenenepa. Programu ilikuwa imerudia rudia zile picha chache ilizozikuta. Zilizotupwa zimetupwa. Ilibidi turudi kwenye diski yenyewe.

"Diski iko wapi?" nikauliza.

Asger akainuka. Alitembea hadi dirishani akatazama nje, na sisi tukatazama alikotazama. Bustanini kulikuwa na mti wa cheri, na matawini mwake diski zilining'inia kwa uzi wa kuvulia samaki, zinazunguka na kumetameta. Ni za kufukuzia kwenzi, wale ndege wanaomaliza cheri. Siwezi kumlaumu, nchi hii kila mtu anafanya hivyo. Video ya harusi yangu mwenyewe inalinda plamu nyuma ya nyumba, na mke wangu anasema ndiyo mara ya kwanza ina faida.

Asger akapanda. Gudrun akasimama chini akimwelekeza tawi la kukanyaga, na kila akielekeza Asger alilazimika kugeuza shingo ili aone anaambiwa nini, na kila akigeuza shingo mguu uliteleza. Mwisho Solvej alimshika Gudrun mikono yote miwili ili mume wake ashuke mzima.

Mvua ilikuwa imefuta maandishi yote. Tukazijaribu moja moja kwenye kompyuta. Ya kwanza ilikuwa safari ya Mallorca. Ya pili ilikuwa somo la kupaka rangi boti. Sherehe ya klabu ilikuwa kwenye ile ambayo kwenzi mmoja alishaitolea maoni, tena katikati. Nikaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo wa kuzunguka ndio unaoiua. Bado ilikuwa na alama moja mbaya mahali tawi lilipokuwa likiisugua. Lakini ilifunguka.

Kabla hatujaondoka niliwaambia kwamba safari hii nitaitoa sauti yote, nafasi yake niipe mikono. Asger akanishika bega. Akatafuta ishara, akazikosa, akaongea kwa mdomo na Solvej akatutafsiria. Akaniomba niibakize, hata kama ni kidogo. Akasema Torkild anaposimulia, kuna sauti inamtoka. Sauti ya nguruwe.

Tukatazamana. Miaka yote hiyo, hakuna kiziwi hata mmoja kati yetu aliyejua.

"Nzuri?" akauliza Torkild, kwa wasiwasi wa msanii.

Asger akakanda unga wake hewani. "Sawasawa kabisa. Sina cha kurekebisha."

Torkild akakaa wima kitini kama mtu aliyepewa nishani.

Jumapili asubuhi nikaanza kazi. Wengi hukosea hapa: huacha programu isome diski na kuigeuza kwa wakati mmoja. Mashine ikikuta mkwaruzo inasimama kusoma upya, kule kwenye kugeuza hakuna anayesubiri, na tayari umepata mkwamo mpya. Kwa hiyo kwanza niliinakili diski nzima kwenye kompyuta kama ilivyo, nikaiamuru mashine iende polepole na kila mahali ilipokataliwa irudi kubisha tena. Nikaenda kukata ua wa bustani. Kila nikichungulia, mashine ilikuwa bado inabisha. Jioni ilikuwa imepata karibu yote, isipokuwa pale tawi liliposugua.

Kisha nikageuza, kutoka kwenye nakala. Programu ilinipendekezea picha thelathini kwa sekunde, kwa kuwa imetengenezwa na watu wa ng'ambo ambao televisheni zao ziko hivyo. Nikakataa. Diski ina ishirini na tano, na ukiidai thelathini inajazia kwa kurudia, mkono unachechemea. Halafu kuna jambo jingine. Zile kamera za zamani zilipiga kila picha kwa nusu mbili, mistari ya kwanza sasa hivi na mistari ya pili kitambo kidogo baadaye. Programu za siku hizi hutupa nusu moja, au huzibana pamoja na vidole vikawa na meno kama kitana. Nikaiambia kila nusu iwe picha yake kamili. Nikapata hamsini za kweli kwa sekunde. Nikaicheza sehemu ya kofia kwenye kioo changu kidogo, nikaona nguruwe anaitafuna ile kofia, utepe kwanza.

Niliipeleka kwa Torkild ikiwa kwenye flashi, tukaichomeka kwenye televisheni yake kubwa. Torkild hakuiga chochote siku hiyo. Alitazama tu. Mkono wake wa zamani ulitoka kidevuni, ukapita hewani, ukafika begani, na njia yote ilionekana. Aliirudisha sehemu ya ngazi ya kivuko mara nyingi sana. Nilimaliza keki peke yangu.

Haikuwa dawa ya siku moja. Ile michupo alikuwa ameisoma vizuri mno, mwanafunzi hodari, na sasa ilibidi aisahau. Nilikuwa nikipita kwao baada ya kazi. Siku nyingine mkono ulikuwa mzito na alinifukuza. Siku nyingine aliniambia tableti ya Asger imemfundisha lafudhi ya roboti, na kwamba akikosa kazi ataiomba kiwandani. Lakini katikati ya ishara palianza kurudi. Kwanza kwenye maneno mafupi, kisha kwenye marefu. Solvej aliacha kumpigia simu mama wa mazoezi kila siku.

Palibaki ule mkwaruzo. Nguruwe yuko mwisho wa kivuko, maji mbele yake, abiria nyuma yake, na hapo video inaganda. Torkild wa zamani anageuka vipande vya mraba, sharubu huku na jicho kule, kisha anajitokeza tena nguruwe akiwa ameshafika majini. Kila tukifika hapo, Torkild alishusha mikono akasubiri. Nilimwomba radhi kwamba zaidi ya hapo siwezi. Sikupata DVD nyingine kwa mtu yeyote klabuni.

Juma lililotangulia sherehe, Gudrun alikuja nami kupata jibu la mwisho. Tulikaa kwenye kochi na Solvej, safari hii sote tukiiona televisheni na Torkild pamoja. Alipitia bandari, ngazi, kofia. Akafika mwisho wa kivuko. Video ikaganda.

Mkono wake haukuganda. Sidhani kama alijua. Macho yake yalikuwa kwenye vile vipande vya mraba, lakini mkono wa kulia uliweka kwato moja juu ya chuma cha kivuko, ukaweka ya pili. Nguruwe akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akavuta pumzi. Vidole havikunyooka vyote, na ilikwenda polepole, polepole kuliko miaka yote, lakini aliruka, na tukamwona akiwa hewani, masikio yamesimama, kila kipande cha ile njia mpaka majini. Solvej alinibana goti hadi nikaumia.

Video ilipozinduka, Torkild alikuwa mbele yake. Akaipungia mkono kwa hasira iharakishe. Ndipo alipogundua. Akatugeukia, mkono bado umeinuliwa.

Gudrun akakohoa, sijui kwa faida ya nani. "Nimwambie Preben nini?"

"Mwambie anao mwaka mzima wa kukumbuka mwisho wa vichekesho vyake."

Siku ya sherehe, nyama ilipoondolewa, tuliwasha na kuzima taa, ukumbi ukageuka, na Torkild akasimama. Alianza vizuri. Bandari, mchinjaji, ngazi. Baada ya kofia niliona mkono unachoka, vidole vinaanza kujikunja. Solvej aliona pia, akataka kuinuka. Torkild hakumtazama. Alimchukua nguruwe, akamketisha kwenye benchi kati ya abiria wawili, akampandishia mguu mmoja juu ya mwingine, kwa mkono wa kushoto na ule uso. Nguruwe akafuta jasho. Akatazama bahari. Akasogea kidogo kumpisha bibi mmoja aliyetaka kukaa. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani kwake, unapumzika, na ukumbi mzima ulikuwa unacheka mahali ambapo hatujawahi kucheka.

Gudrun alinigusa kiwiko, machozi yakimtoka. Aliuliza kama sehemu hiyo ya benchi imekuwepo siku zote, mbona yeye haikumbuki.

Nikamwambia ni mpya. Akaniambia ninyamaze basi, nisimzibe na mikono yangu, maana nguruwe ndiyo kwanza anainuka.